Jina Aliloita Mama Majini

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Baba nusura afe leo — tunamwona!

Wazo lilikuwa la kaka yangu, Adrian. Kanunua kamera ndogo ya kufunga kifuani, isiyoingiza maji, akataka familia nzima tupande kayaki kwenye bwawa moja huku Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Apate video. Nikafunga duka langu, nikasafiri mpaka nyumbani Mafinga kwa ajili hiyo tu. Baridi! Ukungu mpaka kwenye maji.

Mama akagoma. Siku zote hapendi maji, hata kijito anazunguka mpaka apate daraja. Akakaa ukingoni na chupa ya chai. Baba ndiye aliyechangamka. Jaketi la kuokolea hakulifunga, eti linambana tumbo.

Baba na Adrian kayaki moja, mimi yangu peke yangu. Baba akageuka kunipungia mkono — pwaa! Wamepinduka. Adrian akaibuka. Jaketi likaibuka. Baba hakuibuka.

Mimi nilipiga kelele tu. Kafi likanitoka mkononi.

Halafu Mama. Mama yetu Frida, mzee wa kanisa, mwenye magoti mabovu! Katupa khanga, kajirusha. Akaogelea kama mtu aliyekulia humo. Akazama, akaibuka kamkamata Baba kwapani, anapiga kelele maneno nisiyoyajua.

Baba katapika maji, kapona. Mama hajajibu swali hata moja. Njia nzima anatazama misonobari.

Jumamosi, 9 Agosti

Kamera ilikuwa inarekodi muda wote! Tumeangalia video sebuleni, mimi, Baba na Adrian. Picha inayumba, lakini sauti ya Mama iko wazi. Si Kihehe cha Baba. Si Kikinga pia — na Mama ni yatima wa Makete, ndivyo alivyotuambia siku zote, kalelewa na misheni, hana ndugu.

Baba akasema labda alikuwa anasali.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Aliposikia sauti yake mwenyewe akatoka nje, maganda yamemjaa mikononi.

Adrian kaiposti mtandaoni, na namba yake ya simu chini. Anauliza watu mama yake anasema lugha gani. Nikamwambia si umuulize mwenyewe? Kamuuliza, anasema. Mama kamjibu kwamba aliweweseka.

Jumapili, 10 Agosti

Majibu yamemiminika tukiwa kanisani. Kinyakyusa! Mwanamke mmoja katafsiri kabisa:

"Anasema: Jailos, shika mkono wangu. Jailos, usiniache."

Baba anaitwa Obeid.

Nilitaka kuificha simu, nikachelewa. Baba kavaa miwani, kasoma, karudia kusoma. Mezani akauliza polepole, "Mama Adrian, Jailos ni nani?"

"Ni mtu aliyekufa."

"Nimekuuliza ni nani. Sijauliza kama yu hai."

Mama akainuka, akaenda chumbani. Chakula hakikuliwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba kalala kwenye kochi. Baba! Asubuhi kakunja blanketi lake vizuri, kaenda kiwandani kwenye mbao zake bila chai. Adrian anataka kuifuta video. Amechelewa — imeshasambaa.

Jumatano, 13 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Simu ya Adrian imelia mchana, namba ngeni. Kaweka sauti ya nje. Mwanaume, mtu mzima.

"Samahani kijana. Huyo mama kwenye video, hakuitwa Subilaga?"

"Hapana mzee. Anaitwa Frida."

"Basi mwambie ni Jailos wa Matema. Mwambie wavuvi waliniokota."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Beseni likaanguka. Akaenda mpaka kwenye simu akiwa kapiga magoti — magoti yale yale — akaanza kuongea Kinyakyusa. Kinamtoka kama maji! Baba katika mlango wa nyuma, kofia mkononi, mdomo wazi.

Baadaye katuambia. Jailos ni mdogo wake. Alimchukua kwenye mtumbwi bila ruhusa, ziwani Nyasa, yeye binti, mdogo wake bado mtoto. Ukapinduka. Alizama kumtafuta mpaka nguvu zikamwisha. Akaogopa kurudi nyumbani peke yake. Akapanda mlima mpaka Makete, akasema ni yatima. Huko ndiko alikobatizwa Frida.

Na kule Matema walimwekea msiba. Wakamlilia yeye!

Baba kaiweka kofia mezani: "Nilikuposa kwa mchungaji. Kumbe wakwe zangu wapo?"

Mama kasema, "Mama yangu yupo. Jailos anasema haoni tena, lakini yupo."

Kisha kajifunika uso kwa khanga.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika jikoni, nimesimama, nasubiri maji ya chai yachemke. Wamefika kutoka Matema!

Mama tangu alfajiri yuko chumbani. Kavaa gauni la kanisani, kalivua, kalivaa tena. Anasema hawezi. "Eveline, binti yangu, nitamwangaliaje Mama yangu? Nilimwachia msiba wa mtoto aliye hai." Baba kaongea naye mlangoni, hakufungua.

Gari likaingia. Jailos kashuka — mrefu, mvi, paji la uso la Mama kabisa. Kaangalia nyuma yetu, anamtafuta. Halafu kamshusha Bibi. Mdogo! Kama mtoto ndani ya koti. Baba kaenda kumpokea, hakujua amwamkieje, kabaki kainama tu.

Nikasogea kumshika mkono. Bibi akanishika uso kwa viganja viwili. Akapapasa nyusi, pua, kidevu.

"Subilaga?"

Jailos akafungua mdomo amsahihishe, akashindwa. Na mimi nikashindwa. Akanikumbatia, nikakumbatiwa — nikalia kama ni mimi.

Sasa amekaa sebuleni, hajaacha kuita. Anaita polepole, kama anayejaribu kuona iwapo jina bado linafaa. Subilaga. Subilaga.

Kitasa cha chumbani kimelia. Nasikia miguu ya Mama kwenye korido.

Imesimama mlangoni mwa sebule.