Nyumba ya Kadutu Uliyotuandikia, Papa Kamali

Mwaka umetimia, Papa, tangu ulipotuacha hapa Gihundwe, upande wa Rwanda, na asubuhi bado tunashusha sauti kana kwamba unaandika.

Vita vya 1996 vilitutoa Bukavu na nguo za mwilini tu. Siku ile mguu wako ulivunjika, na lori hukuliendesha tena. Vita vilipotulia, wenzetu walianza tena kuvuka mpaka kwenda kuuza sokoni Bukavu. Wewe ulizuiwa na mguu, Mama akazuiwa na woga. Kutoka uani tunaona mabati ya Bukavu kila siku, na kuyaona tu ni adhabu.

Mama alipolilia nyumba yetu ya Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, ulimwambia: "Vumilia, Mama Larissa. Nitakuandikia ile nyumba." Wewe, dereva, uliyeandika hata salamu kwa shida! Tulicheka.

Ukaanza insha, moja kila asubuhi, na chai haikumiminwa mpaka uisome. Tulikuwa mateka wako. Za kwanza, utusamehe, zilikuwa mbaya. "Makazi yetu matukufu yalipambwa na amani tele." Mama alikukatiza: "Papa, hii ni nyumba ya ministre, ya waziri. Ya kwetu iko wapi?" Hukununa. Kesho yake ulianza upya.

Pole pole maneno makubwa yalipungua. Katika insha ukatokea mlango wetu uliogoma kufunguka wakati wa mvua, kisha jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa mpaka jioni. Mwanao Ganza alianza kuchelewa shule ili asikie mwisho.

Mwaka wa tatu wa insha ulisoma jinsi Mama alivyousukuma ule mlango kwa kiuno, sufuria ya sombe, kisamvu chetu, mikononi, akikutukana taratibu kwa kuwa hukuutengeneza. Mama akasema: "Sasa nimefika kwetu." Hatukuwahi kukuona umefurahi vile.

Mwezi uliopita Mama alijipa moyo, akavuka. Alirudi mapema. Nyumba ilibomolewa, kiwanja kimelimwa mihogo.

"Nilitafuta hata mulango tu," alisema. "Haiko. Ile nyumba Papa aliandika njo imebakia." Akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Tulidhani tumefungiwa nje ya kwetu kwa muda. Sasa hakuna anayetuzuia kuvuka, Papa, na hatuna pa kwenda.

Unakumbukwa na mkeo Bernadette, wanao Larissa na Ganza, dada yako Nyirabagenzi wa Nkombo, na majirani wote wa Gihundwe. Hatutakusahau, Papa, siku zote tulizojaliwa.