Mawaridi ya Manzese

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mwezi wa Rozari, sanamu inazunguka nyumba kwa nyumba; leo zamu yangu. Jumuiya wamemleta Bikira Maria jioni. Sanamu yenyewe urefu wa mkono, wameiimbia kutoka barabarani hadi mlangoni. Atakaa kwangu siku tatu. Nina chumba kimoja. Nimempa meza, mtungi wa gesi nimeusogeza kando. Nimelala na suruali ndefu. Sijui wengine wanafanyaje.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimetoka kazini, nikafungua mlango — harufu ya mawaridi! Chumba kizima. Ubani wa kanisani naujua, huu sio. Seminari tulifundishwa: watakatifu hunukia mawaridi. Nikapiga magoti, begi bado mgongoni. Kifua kikatulia kana kwamba sijawahi kuogopa kitu. Mimi, ninayeogopa hata mashine ya fotokopi. Nikalia.

Nikampigia Mama Auleria, mwenyekiti wa jumuiya. Kosa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Uani wamama tele. Mama Auleria kasema Bikira haondoki, kachagua mwenyewe. Mzee Benedikto, mwenye zamu ya kesho, kashapaka ukuta rangi. Kasema basi na yeye atanunua marashi. Kaambiwa asikufuru.

Jumamosi Paroko anakuja kusikia ushuhuda wangu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, alikuwa anachagua mchele. Nikamwamkia. Akauliza mgeni wangu kafurahi?

Mgeni gani, bibi?

"Si huyo Bibi Mariamu. Mwanamke na heshima zake, umemweka na mtungi wa gesi! Juzi nikampitishia chetezo dirishani. Udi wangu wa mawaridi, ule wa harusi. Mgeni hapokelewi hivihivi, mwanangu."

Nikakalia ndoo. Nikisema, Mama Auleria ataaibika mbele ya Paroko. Nikinyamaza, nimeshuhudia uongo. Lakini ule utulivu? Udi hautulizi mtu hivyo. Au?

Jumamosi, 19 Oktoba

Chumbani wamejaa. Naandikia chooni, ndiko kwenye komeo. Paroko kawahi, namwona kwa ufa wa mlango, yuko uani kwenye kiti cha plastiki, ananusa. Hakuna kitu. Mzee Benedikto anasema labda Bikira kachoka wageni. Mama Auleria ananiita mara ya pili.

Sasa sauti ya Bi Mwanakombo: "Valeri, watu wote hawa hata huniambii? Nipisheni, makaa yasije yakawaunguza."

Harufu inaingia chini ya mlango. Paroko anauliza, huo udi gani, bibi?

Ajabu — kifua kimetulia tena, kama Jumatano. Nafungua komeo, nikawaambie yote: udi, na huu utulivu.