Mkono Usiohisi Barafu

Jumatatu, 6 Januari

Theluji tangu alfajiri. Ndege kumi na moja kabla ya chakula cha mchana! Mimi juu kwenye kikapu cha winchi, dereva wangu chini kwenye lori, na sauti yake ya redio masikioni mwangu bila kituo. Ndiyo maana kazini wanamwita Kasuku. Leo kanisimulia mapacha wake walivyomnyoa paka wa jirani. Nimecheka mpaka nusura nimwagie rubani dawa dirishani. Akanipungia mkono, maskini, akidhani namsalimia.

Miaka kumi na tisa naosha mabawa na bado naipenda kazi hii. Kwanza dawa ya rangi ya chungwa, ya moto — inakula theluji yote, mvuke unapanda, sioni hata miguu yangu. Kisha ya kijani, nzito kama uji, ya kulinda bawa lisigande tena mpaka ndege ipae. Ndege inaingia kwetu imevaa blanketi, inatoka inang'aa.

Ila vidole. Leo vimekuwa vyeupe kama mshumaa, na damu imechelewa kurudi. Nyumbani nimeshindwa na vifungo vya koti. Mume wangu — Fundi, hata mimi namwita hivyo kama wateja wake — kaacha cherehani, kanifungua kimoja kimoja. Hakusema kitu. Fundi asiposema kitu, ujue ameona.

Jumatano, 8 Januari

Fundi kaniita chumba cha kushonea. Eti nimsaidie kujua upande wa juu wa kitambaa cha sketi ya mwalimu, macho yake yamechoka. Macho yake! Mtu anayetunga uzi bila miwani!

Nikapapasa. Nikapapasa tena. Mwishowe nikakisia, nikasema upande huu. Akasema asante, mke wangu.

Baadaye nimeiona sketi. Kaishona kwa upande ule mwingine.

Alhamisi, 9 Januari

Jua. Ndege nne tu. Kasuku kaimba zamu nzima. Sina la kuandika.

Uongo. Ninalo. Sitaki kuliandika.

Jumamosi, 11 Januari

Binti yetu kaja na mjukuu. Miezi minane, mashavu kama maandazi, na meno mawili anayoyaonyesha kila mtu kama mali mpya. Nimembeba tangu walipoingia. Babu yake kamshonea kofia yenye masikio ya sungura — haimtoshi, ana kichwa kama cha babu yake.

Alikuwa ametulia sana kifuani mwangu. Nikafurahi! Nikasema, mnaona, huyu anamjua bibi yake. Binti akauliza kama ana joto. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Hapana, nikasema, yuko sawa kabisa.

Akaja kumchukua amnyonyeshe. Akashtuka. "Mama, mtoto anaungua!"

Thamometa: thelathini na tisa na nusu.

Wamekwenda zahanati, wamerudi. Sikio tu, kapewa dawa, sasa kalala katikati ya kitanda chetu kama mwenye nyumba. Binti kaniambia usijali Mama, hata mimi asubuhi sikuligundua. Ananipoza. Lakini mimi nilikuwa naye saa nzima. Saa nzima nimekumbatia moto na mkono wangu haukuniambia.

Jumapili, 12 Januari

Binti na mtoto wameondoka baada ya chai, homa imeshuka. Nilipomaliza kuosha vyombo nikamkuta Fundi mezani na vipande vya nguo.

"Fumba macho."

"Una nini leo?"

"Fumba tu, mama."

Akanifunga skafu. Akaniwekea kitambaa cha kwanza mkononi. Nikasema pamba. Akasema sawa — kwa sauti ile ambayo si sawa. Cha pili, hariri. Cha tatu nikasema bahameli, tena ya bei mbaya.

Nikafungua skafu. Kitambaa cha kuoshea vyombo!

Tumecheka, tumecheka mpaka Fundi kashika mbavu. Halafu nikaona skafu imelowa, na haikuwa kwa kicheko. Kati ya vipande vitatu nilipata kimoja. Akanivuta, akaweka mkono wangu shavuni kwake. Akauliza, "Na hii?" Nikamwambia sioni tofauti na meza. Akausogeza mpaka ndani ya kifundo cha mkono, pale penye mishipa. Hapo nikahisi. Ndevu za jana.

"Basi hapa bado upo," akasema.

Kaniuliza tangu lini. Nikamwambia msimu uliopita — ganzi ilikuja na kuondoka, mwaka huu haiondoki. Baridi, na ule mpira wa dawa unaotetemeka mkononi siku nzima. Akasema niende kwa mkuu wa zamu kesho. Nikasema nimalize msimu kwanza, imebaki miezi miwili. Akarudia: kesho.

Anajua kwa nini. Nimemweleza mwenyewe mara mia, enzi za kujisifu. Theluji unaiona. Lakini kuna barafu ya kioo, hiyo huioni hata ukitoa macho. Inashika juu ya bawa, penye matangi ya mafuta. Ndege ikipaa inang'oka, inaweza kuingia kwenye injini. Haikamatwi ila kwa mkono mtupu. Na upande wetu wa uwanja, mkono huo ni wangu.

Nikamwambia, nikiacha kupanda kikapuni mimi ni nani? Akafikiri kweli, hakukimbilia jibu. Akasema, "Sijui. Lakini wale walio ndani ya ndege hawajui hata kwamba upo. Wamekaa tu, wamefunga mikanda."

Nimenuna jioni yote kama mtoto. Yeye kanikanda vidole kwa mafuta, kimoja kimoja, huku nimenuna.

Jumanne, 14 Januari

Sikusema kwa mkuu. Jana hakuwepo. Leo alikuwepo.

Nimegundua njia. Navua glavu, napandisha mkono wa koti, nagusa bawa kwa kifundo. Panapohisi! Ndege tatu, zote safi, na nimehakikisha mara mbili mbili. Kasuku kaniuliza sikioni, "Shangazi, leo unalibembeleza bawa?" Wote kazini wananiita Shangazi. Nikamwambia naangalia mapigo ya moyo wake. Kacheka.

Mimi sikucheka. Nilijiona kama mwizi anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa bisibisi.

Fundi kauliza, "Umesema?" Nikasema kulikuwa na kazi nyingi. Akaendelea kupinda suruali. Akapinda mguu mmoja mara mbili, ikabidi afumue.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika hapa hapa kazini, chumba cha kubadilishia nguo. Saa nne asubuhi. Herufi zinacheza, lakini lazima.

Leo hakukuwa na theluji. Manyunyu tu, yale membamba. Ndege moja yenye injini nyuma ilitua saa moja, imesafiri mbali, na mafuta yaliyobaki kwenye mabawa yalikuwa na ubaridi wa huko juu. Manyunyu juu ya bawa baridi — hata mwanafunzi wa wiki moja anajua maana yake.

Tulikuwa nyuma ya ratiba. Rubani anauliza, mkuu anauliza, kila mtu anauliza. Nikapiga dawa ya chungwa bawa la kushoto, nikashuka karibu, nikavua glavu. Koti lilikuwa limelowa, mkono wake haukupanda. Nikajaribu mara mbili. Nikagusa kwa vidole.

Nikasema, "Safi."

Jinsi neno lilivyotoka jepesi! Kasuku akapokea, akapeleka kwa rubani: bawa la kushoto safi. Akaanza kusogeza lori kwenda la kulia, huku ananiambia mapacha wamempaka paka mafuta ya nywele zikue. Nami nikaangalia madirisha. Sina kawaida ya kuyaangalia. Mama mmoja alikuwa anamvua mtoto kofia, akamgusa paji la uso, akaendelea na shughuli zake. Basi. Hilo tu.

"Simama," nikasema.

"Nini tena?"

"Rudi. Nishushe. Panda wewe uguse."

"Mimi? Shangazi, wewe ndiye —"

"Kasuku. Panda."

Akapanda. Nikasimama chini kwenye maji ya dawa, shingo imekakamaa kwa kumtazama. Akavua glavu, akaweka kiganja. Akakisogeza mbele, akakisogeza nyuma. Miaka sita nafanya kazi na mtu huyu na sijawahi kumsikia amenyamaza. Nilimsikia leo.

Kisha akasema polepole, "Ipo. Ndefu kama kitanda."

Tukamsimamisha rubani. Tukaosha upya kwa dawa ya moto, mabawa yote mawili, Kasuku akagusa tena kila shubiri, tukapaka ya kijani. Ndege ikachelewa dakika arobaini. Ikapaa. Niliitazama mpaka wingu likaimeza, nikakaa kwenye ngazi ya lori.

Mkuu wa zamu akaja mbio. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hii. Akanikumbatia! Eti rubani ameshukuru, eti barafu ile isingeonwa na mtu mwingine, eti mwezi ujao nitawafundisha wapya wote kugusa bawa. "Mkono wa Shangazi!" anawatangazia watu. Nikageuka kumtazama Kasuku. Alikuwa anafuta kioo cha lori ambacho kilikuwa safi. Ameniachia mimi niseme.

Nimempigia Fundi. Nimemweleza yote, hadi lile neno jepesi. Nikasikia cherehani imesimama. Akauliza, "Walifika juu salama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nakuja kukuchukua. Chukua muda wako, mimi nitakaa kwenye gari."

Fomu ya tukio iko hapa mbele yangu. Mstari wa tatu: aliyegusa bawa. Nimeandika jina la Kasuku. Chini yake, mara ya kwanza nani aligusa, akasema nini? Nimeandika jina langu. Nimeandika: safi.

Mkuu anabisha mlango. Anaimba imba, bado ana furaha, anasema amekuja kuichukua aipeleke kwa wakubwa wakanipongeze. Nimemwambia aingie. Nimemwambia afunge mlango, avute kiti, aisome kwanza.

Anasoma. Kaacha kuimba; amefika kwenye jina langu.