Mashine ya Macho na Maneno Niliyoyasema Msibani

Mkolani, Mwanza
Jumapili, nimetoka kanisani

Dada yangu mkubwa Minza,

Shikamoo dada. Naiandika tena, shikamoo, kwa sababu ya kwanza niliiandika nimekaa upande na penseli ikateleza. Hii ya pili nimeisimamia. Hujambo? Mguu ule uliokuwa unakufa ganzi asubuhi umeachia? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Kifua je? Macho siulizi sasa hivi, nitayafikia, maana barua yenyewe ni ya macho.

Mimi ni mzima. Mwanangu Kabula, ninayekaa kwake hapa Mkolani, naye mzima pamoja na watoto wake. Kazi ipo. Boti ninayoiunda kule Kigongo imeshasimama mbavu, na mwenye boti alipokuja kuiangalia aliizunguka mara mbili, kimya. Mtu akizunguka boti kimya ujue hana cha kukosoa. Hawa mafundi wa siku hizi wanavuta futi kila dakika, mimi napima kwa kutazama tu, na boti yangu haijawahi kuvuja hata moja ziwa hili lote, ukiacha ile ya marehemu baba mkwe, ambaye alipakia mawe kwa ubishi wake.

Najua unashangaa kupata barua. Wewe ndiye uliyemaliza kisomo cha watu wazima, mimi niliishia jina langu na vipimo vya mbao. Lakini ona, naandika mwenyewe, ukurasa wa pili huu. Kabula alitaka kuniandikia nikakataa. Maneno haya hayapiti mkononi mwa mtu. Nitaifunga kwa gundi ya mbao, Mama Lubango atakuletea kesho akirudi huko, na ukikuta imebanduliwa nijulishe, nitajua la kumfanya.

Nimekupigia simu wiki tatu, dada. Kila nikipiga ananijibu yule mwanamke kwamba hupatikani. Nikamwambia, "Wewe binti, huyo unayemsema ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni. Sema yuko wapi." Kabula akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, hiyo ni sauti ya mashine, hakuna mtu." Kwani mimi sijui? Lakini nimwulize nani mwingine?

Basi juzi Ijumaa Mama Lubango, jirani yako, akaja mjini na samaki wake wa kubanika. Siku zote huwa anashusha makapu mawili, lake na lako. Juzi kashusha moja. Nikamwuliza, "La Minza liko wapi?" Akajidai anatafuta chenji kwenye kanga.

"Mama Lubango, nakuuliza."

"Samaki wake hawanunuliwi siku hizi, mzee."

"Wameoza?"

"Hawajaoza."

"Basi?"

"Mzee Masanja, mimi nina watoto wadogo pale. Usiniweke kwenye maneno ya watu."

Nikalikalia kapu lake. Nikamwambia sinyanyuki hapa mpaka useme, na nina uzito. Akasema. Akasema laini yako ilifungwa kwa sababu vidole vyako vimegoma kwenye mashine ya kusajili, moto wa kubanika samaki miaka yote hiyo umevilainisha, havina alama. Akasema wote ambao vidole vimegoma wametangaziwa mashine ya macho, italetwa mwaloni kwenu, pale mnaposhushia samaki, Alhamisi hii, siku ya gulio. Na watu wanasema mashine hiyo inamjua mchawi. Mwenye macho mekundu, mtu wa mambo ya usiku, itamkataa. Wanasema Alhamisi akae Minza wa kwanza, tuone. Wewe ukasema hukai, nao wakasema si mmeona, anajijua. Kichanja chako cha kubanikia samaki wamekivunja. Na sasa umefunga nguo zako, unataka kuvukia visiwani kwa shemeji kabla ya Alhamisi.

Tangu Ijumaa sijatulia. Jana nimekwenda Kigongo, nimeshika randa nimeiweka, nimeshika nyundo nimeiweka. Nikasimama naangalia ng'ambo, Busisi, njia ya kuja kwako. Zamani ningejisingizia kivuko, foleni ya magari, upepo. Sasa daraja liko pale limenyooka na sina cha kusingizia. Leo ibada nzima mchungaji anahubiri mimi nahesabu siku. Hata barua hii naiandika nikinyanyuka. Kabula ananiambia, "Baba, kaa basi, unatutimulia vumbi."

Sasa nisikilize mimi kuhusu mashine hiyo, maana mimi nimeikalia. Mtu wa kwanza ukoo mzima kuikalia ni mimi. Vidole vyangu viligoma mwezi uliopita kama vyako, lami na kamba vimevimaliza, ukoo wetu naona hauna vidole. Wakanituma duka moja la laini hapa karibu na stendi ya Mkolani, ndani kuna binti na kitu kama darubini kwenye meza. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba mashine ilinitambua mara moja, na kwamba yule binti alisema hajaona macho makali kama yangu. Nimeufuta huo mstari. Ndivyo nilivyowaambia watu wote hapa, hata Kabula. Wewe nakwambia ilivyokuwa.

Ilinikataa. Mara ya kwanza nimekaza macho kama naangalia mstari wa mbao, ikakataa. Binti akasema, "Babu, usiikasirikie, itazame tu." Nikaitazama tu, ikakataa. Akasema, "Kope zako zimeshuka, babu, zinafunika. Ziinue kidogo kwa kidole." Nikamwambia mimi sishikilii jicho langu mbele za watu kama mlevi. Ya tatu ikakataa. Nyuma yangu kuna foleni, bwana mmoja akasema, "Mzee kaja na macho ya kuazima nini?" Watu wakaangua kicheko. Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Siku mbili sikumwambia mtu. Lakini simu ilikuwa imefungwa na nilitaka kukupigia, dada, hiyo ndiyo sababu, nikarudi asubuhi na mapema kabla hawajajaa. Ikakataa tena, mara ya nne. Yule binti hakucheka. Akaja upande wangu wa meza, akasema, "Niruhusu, babu," akaniinua kope kwa kidole chake mwenyewe taratibu, na mashine ikalia pi. Basi. Nikawa nimesajiliwa.

Nikaona aibu na kushukuru vyote kwa pamoja, nikamwuliza maswali ili nisiondoke mikono mitupu. Nikamwuliza inaangalia nini mle. Akanieleza vizuri, mtoto ana adabu. Akasema inapiga picha kwa taa ambayo sisi hatuioni. Haiangalii nyeupe ya jicho, iwe nyeupe, iwe ya njano, iwe nyekundu kama pilipili, hayo hayasomwi. Inaangalia lile duara la rangi linalozunguka mboni. Mle kuna michirizi midogo midogo, na hakuna watu wawili wenye michirizi sawa, hata jicho lako la kulia si sawa na la kushoto. Akanionyesha la kwangu kwenye kioo, kubwa kama sahani. Dada, ni kama ubao uliopigwa randa vizuri! Michirizi yote ipo, imekwenda ilivyokwenda. Mimi nimepasua mbao miaka hamsini na sijaona mbao mbili zenye michirizi sawa. Ningezaliwa karibu na shule ningeivumbua mimi mashine hii. Akasema na simu nyingine siku hizi zinafunguka zenyewe mwenye nazo akizitazama.

Nikamwuliza, "Na mchawi je?" Akanitazama kama anataka kucheka, halafu akaona sicheki. Akasema, "Babu, hii ni ya kusajili laini. Inakataa watu kila siku. Juzi imemkataa askari, jana imemkataa mama mchungaji. Mtu akiwa na machozi, akiwa na vumbi, akifumba kidogo, inakataa. Anajifuta, anarudia."

Sasa dada, mambo yako ni mepesi. Macho yako ni mekundu kwa moshi, kila mtu aliyekula samaki wako anajua moshi ule ulikwenda wapi. Usikae karibu na moshi kuanzia Jumanne. Osha uso kwa maji baridi. Kope zako zimeshuka kama zangu, ni za baba, ziinue kwa kidole bila haya.

Nimenyanyuka hapa nimekwenda mpaka barabarani nimerudi. Kabula amenipa uji nimeuacha umepoa. Kuna jambo bado sijaliandika na penseli inalikwepa.

Hayo maneno kwamba mashine inamkamata mchawi, unajua yalitoka wapi? Wewe hukuwepo, ulikuwa jikoni na wanawake wenzako, kwenye moshi. Ilikuwa kwenye msiba wa mzee Ndalahwa, nilipokuja na shati jeupe. Wanaume tumekaa, wananiuliza habari za mjini, na mimi mashine yenyewe nilikuwa nimeiona dirishani tu, sijaingia. Nikasema ipo mashine inamtazama mtu ndani kabisa. Wakasogea. Nikaona wamesogea, nikaongeza. Nikasema mwenye mambo yake ya usiku hata asijisumbue, akikaa na yale macho yake mekundu inapiga kelele na kumkataa palepale. Wakapiga makofi. Mmoja akaniletea kiti chenye mgongo. Nililala nimefurahi siku ile.

Ni mimi, dada. Mama Lubango alipokuwa ananieleza niliyatambua maneno yangu moja baada ya jingine, mpaka lile la kupiga kelele. Nikaendelea kukaa juu ya kapu lake, nikashindwa kumwambia.

Sijawahi kukuomba radhi tangu tuzaliwe, hata nilipozamisha mtumbwi wa baba nikasema ni wewe uliyefungua kamba. Sasa nakuomba. Nisamehe, mama yangu. Lakini radhi ya kwenye karatasi haitakujengea kichanja, na nikikwambia tu ukae kwenye kile kiti Alhamisi, ikikukataa mara moja tu kabla hujajifuta machozi, wale hawatangoja ya pili.

Kwa hiyo nakuja. Mwenye boti nimemwambia, akasema ukiondoka wiki hii natafuta fundi mwingine. Nikamwambia tafuta, uone kama utampata. Labda atampata. Jumatano nitakuwa kwako jioni, nitalala mlangoni kwako.

Alhamisi tutakwenda wote gulioni. Wewe utakaa kwenye benchi, utavaa kitenge chako cha Krismasi, hutasema neno. Nitakaa mimi wa kwanza. Yule binti aliniambia aliyekwisha kusajiliwa anaweza kukaa tena kuhakikiwa, hakuna kosa. Nitamwambia mwenye mashine anihakiki. Sitainua kope. Nitakaza macho kama siku ile, na mashine itanikataa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mbele ya wanaume wote walionipigia makofi. Nitarudia ikatae tena. Mara nne, kama Mkolani. Wacheke watakavyo. Halafu nitasimama nigeuke, niwaambie: mnaniona, mimi Masanja mwana wa Lukelesha, fundi wa boti zenu, imenikataa mara nne, na yale niliyowaambia msibani niliyatunga kwa mdomo wangu ili mnisogelee. Mwenye kutaka kuvunja kichanja akavunje changu. Kisha nitainua kope zangu kwa vidole hivi visivyo na alama, ilie pi, na ndipo nitakushika mkono uje ukae.

Nisalimie shemeji wa visiwani, mwambie asikutumie mtumbwi. Nisalimie mjomba, mwambie nakuja bila shati jeupe. Nisalimie Mama Lubango, najua ndiye anayekukabidhi hii, mwambie kapu lake halikupasuka. Mchungaji wa hapo mwambie aje gulioni, asikae kanisani. Kabula anakuamkia, shangazi, shikamoo, anasema naye angekuja kama si watoto.

Dada, zifungue hizo nguo ulizofunga. Usivuke. Ningoje tu mpaka Jumatano. Wewe hujui kukataliwa mbele za watu, mimi nimeshajifunza, na nakuahidi hakuna mtu mwaloni atakayewahi kukataliwa vizuri kama nitakavyokataliwa mimi.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba,
Masanja, fundi