Abaayo, Ulikuwa Unakuja Kutugombeza

Abaayo Saadia, dada yangu,

Nakusalimu huko uliko, Mungu akupe mahali penye kivuli na upepo. Ningekuwa na akili ningekuandikia Kisomali, lugha tuliyolelewa nayo. Lakini wewe mwenyewe unajua: ukitaka kunibembeleza ulisema Kisomali, na ukitaka kunigombeza ulihamia Kiswahili, ili wateja wangu wageni nao wasikie na waone aibu yangu. "Ismail, wewe unabenda moshi kuliko watu!" P yako ikitoka b, sauti ikivuka barabara kutoka kibanda chako cha chai mpaka kwenye karakana yangu ya matairi, na madereva wa tuktuk wakigeuka kucheka. Basi haya ninayoandika ni mambo ya kugombezwa, ndiyo maana nimeyaandika kwa Kiswahili.

Unakumbuka nilivyotoroka na lori la mbuzi mpaka Mandera, nikiwa mvulana asiye na hata viatu vizima? Mama alikuwa ameshafariki, na wewe ndiye uliyenilea. Niliporudi nilifikiri utanikumbatia. Ala! Ulinigombeza tangu adhuhuri mpaka nikatamani Mandera tena. Ulikuwa unagombeza kama mtu anayefua nguo: unapiga, unakamua, halafu unaanika. Nilipoanza kulia, ulinyamaza, ukamimina chai ya maziwa ya ngamia, ukaisukuma mbele yangu. "Maneno yamekwisha. Kunywa." Na kweli yalikwisha. Hukuitaja Mandera tena, wala siku ile wala miaka iliyofuata. Hivyo ndivyo ulivyokuwa: kwanza maneno, halafu chai, halafu basi.

Sasa nifike kwenye matairi. Wewe unaijua biashara yangu, lakini barua hii wataisoma na wengine, acha niieleze bila kujisafisha. Vijana wakikodi gari la arusi, mwenye gari hataki matairi yake yaharibiwe. Kwa hiyo kabla ya msafara hupita kwangu. Nawavulia matairi mazuri ya nyuma, nawafungia mapara, yale yaliyolika mpaka yakawa laini kama kichwa cha mzee. Msafara ukifika makutano, dereva anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, magurudumu ya nyuma yanazunguka papo hapo, gari linachora duara, mpira unaungua, moshi unapanda, akina mama wanapiga vigelegele, simu zinainuliwa juu. Bibi arusi asiyechomewa tairi siku hizi anaonekana kama ameolewa kimyakimya. Jioni vijana wanarudi, nawarudishia matairi mazuri, na mwenye gari hajui kitu. Ujanja huo, hapa mtaani kwetu, niliuanzisha mimi. Mafundi wengine waliniiga tu.

Ulinipigia kelele tangu siku ya kwanza. Ulisema barabara ile ni ya watoto wa shule, ya mikokoteni ya punda, ya wazee wanaotoka msikitini, na kwamba Mungu hakuniumbia mikono niitumie kuwafungia watu vifo vyao kwa spana. Mimi nilicheka. Nilikuwa nakujibu, "Abaayo, hii ni furaha ya watu tu." Nikavuka, nikanywa chai yako, nikarudi kazini, na kesho yake nikafunga mengine.

Siku ile ya arusi ya rafiki yake, mwanangu Guled alikuja mwenyewe. Yeye ndiye aliyepewa gari la mbele, jeupe, na aling'aa kama yeye ndiye anayeoa. Jamani, abaayo, jinsi nilivyojivuna! Kijana wangu ndiye dereva wa mbele, mbele ya mji mzima. Lakini kujivuna huko hakukunizuia kuwa bahili. Nilikuwa na matairi mapara yenye nguvu kidogo, yale nikayaweka kando kwa wateja wa kulipa. Mwanangu, kwa kuwa ni wa bure, nilimpa yale yaliyokwisha kabisa, yaliyokuwa yametoka waya. Niliziona zile waya. Nilizigusa na zikanichoma kidole. Nikasema moyoni, ni ya kuchoma tu, yatakufa leo leo, hasara iko wapi?

Ulivuka ukasimama mlangoni, buibui lako limepakwa majivu ya jiko. "Ismail, huyu ni mwanao. Hata huyu?"

"Abaayo, hasa huyu," nikakujibu, na watu wakacheka, na wewe ukaondoka bila kuninyooshea kidole. Hukunigombeza siku ile. Nilipaswa kujua kuna kasoro, maana hujawahi kuniachia neno likiwa nusu.

Msafara ulifika baada ya swala ya alasiri. Guled akasimamisha gari pale makutano, mbele ya kibanda chako na karakana yangu, akaanza kulizungusha. Nilikuwa nimeweka vidole viwili mdomoni, nampigia mwanangu mluzi. Moshi ulipopasuka kidogo nikakuona. Umetoka kibandani, upawa wa chai mkononi, umeunyanyua, unatembea moja kwa moja kuelekea kwenye gari. Uso wako nauona mpaka leo. Haukuwa uso wa mtu mwenye hofu. Ulikuwa uso wa dada mkubwa ambaye uvumilivu umemwishia. Ulikuwa unakuja kutugombeza.

Halafu tairi la kushoto likapasuka. Rimu ikauma lami, gari likaruka upande wako. Mluzi wangu ulikuwa bado mdomoni. Kuna kijana aliyekuwa akirekodi, na kabla Ifrah, binti yako, hajamwomba aifute, niliisikia ile video: vigelegele, mlio wa tairi, na mluzi, mluzi wa baba mtu mzima, unaendelea hata baada ya wewe kuanguka. Wallahi, nilipiga mluzi hata baada ya wewe kuanguka.

Tulikuzika asubuhi. Guled alishikiliwa kituoni siku kadhaa, na wazee wetu wakaenda kuongea. Wakasema marehemu ni wetu na dereva ni wetu, hatuna madai na mtu. Kesi ikakosa mlalamishi, kijana akatoka.

Na hapa ndipo taabu yangu ilipoanza. Ungekuwa mtu wa ukoo mwingine, abaayo, mambo yangekuwa na njia yake. Wazee wa pande mbili wangeketi kwenye mikeka, ngamia wa diya, fidia ya damu, wangetolewa, kila nyumba ya ukoo wetu ingechangia, na kila mtu angenitazama vibaya kwa sababu ya ngamia wake. Ningechukiwa kidogo, ningelaumiwa sana, halafu siku moja yangekwisha. Lakini sisi ndio tunaolipa pamoja na sisi ndio tunaopokea pamoja. Nani angemlipa nani? Ngamia angetoka kwenye boma letu akazunguka nyumba akaingia kwenye boma letu lilelile. Wazee walisoma Fatiha, wakanywa chai, mkubwa wao akanishika bega: "Ni kadari ya Mungu, Ismail." Wakaenda zao.

Tangu hapo, kila ninayekutana naye ananipa neno hilo. Muuza mitumba, kadari. Imamu, kadari. Mama Guled, kadari. Hata Ifrah, anayekiendesha kibanda chako sasa, mtoto uliyemzaa mwenyewe, ananiambia mimi mjomba wake, "Abti, usijitese, ilikuwa kadari." Mimi siikatai kadari, Mungu apishe mbali. Lakini zile waya sikuletewa na malaika. Nilizifunga mimi kwa mkono huu, nikazikaza.

Alama za matairi bado ziko pale kwenye lami, duara juu ya duara, nyeusi. Mvua imenyesha na hazikutoka. Watu wanazikanyaga wakienda sokoni. Mimi nazizunguka, na madereva wa tuktuk wananipigia honi wakidhani nimezeeka akili.

Juzi walikuja vijana wengine, wana arusi yao. "Mzee, tuwekee tu zile za kipara. Tunazungusha kidogo halafu tunasepa." Niliwafukuza, abaayo. Niliwagombeza mpaka sauti ikakatika, nikawaambia barabara ni ya watoto na ya punda na ya wazee, maneno yako yote, nikayatumia kama yangu. Mmoja akanitazama kwa huruma. "Lakini mzee, ile ilikuwa kadari, si ndiyo?" Kisha wakaenda kwa fundi wa kule chini. Baadaye niliuona moshi juu ya paa za mabati, nikaketi ndani ya karakana nikisikiliza mpaka ukimya uliporudi na hapakuwa na kilio cha mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa: kusikiliza kama kuna atakayelia. Ujanja niliuanzisha mimi, na sina spana ya kuufungua.

Guled hakukaa hapa Garissa. Alikwenda Bute, kwa babu yake mzaa mama, akawa anachunga ngamia, kijana ambaye hakuweza kutembea mpaka dukani bila gari. Hashiki usukani. Akipanda lori hukaa nyuma na mizigo. Nilimpigia simu mara nyingi, tukaulizana habari za mvua na malisho kama wageni. Nilianza kuogopa kwamba nimekuzika wewe, na mwanangu nampoteza akiwa hai.

Wiki iliyopita alinipigia yeye. Nilisikia kengele za ngamia nyuma yake.

"Aabo, nikuulize kitu. Yale matairi uliyaona kabla hujayafunga?"

Nilikuwa na neno la kadari tayari mdomoni. Ni jepesi sana lile neno, abaayo. Nikalimeza.

"Niliyaona."

"Yalikuwa yametoka waya?"

"Yalikuwa yametoka waya. Nilikupa mabovu kwa sababu wewe ni wa bure."

Kengele zikaendelea kulia. Nikasema, sasa amenikatia simu, na ana haki. Kisha akasema taratibu, "Mimi pia nilimwona eedo anatoka kibandani. Nilimwona, Aabo. Niliuona upawa. Nilidhani nitamaliza mzunguko mmoja tu kabla hajafika. Nilitaka acheke." Akaongeza, "Kila mtu huku ananiambia si kosa langu. Siwezi kulala kwa maneno yao mazuri. Nigombeze, Aabo. Nigombeze kama eedo."

Nikahamia Kiswahili. Nilimgombeza mwanangu, abaayo, kama ulivyonigombeza mimi kwa ajili ya Mandera. Nilimwambia alimwona shangazi yake akaendelea. Nilimwambia ulimbeba mgongoni alipokuwa na surua, na yeye akataka kukuchekesha kwa gari. Nilimwambia barabara si uwanja wa mtu kujionyesha. Alilia, akasema endelea, nikaendelea, na mimi nalia. Nilipoishiwa nikasema, "Maneno yamekwisha. Njoo unywe chai."

Amekuja. Ameteremka leo, mwembamba, ana vumbi la Bute mpaka kwenye nyusi. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kaburini kwako, akakaa huko kwa muda mrefu, kisha akaja kibandani, na mimi nikavuka barabara, nikaketi kando yake kwenye lile benchi lako linalochezacheza.

Ifrah alimtazama binamu yake. Nami nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia, "Ifrah, mama yako hayupo. Guled nimeshamgombeza mimi. Sasa mimi nigombeze wewe. Nakuomba."

Maskini, akashtuka kama nimemtukana. "Abti, mimi nikugombeze vipi? Wewe ni mkubwa wangu." Macho yamemjaa machozi. Akainama, akamimina chai mbili, ya maziwa ya ngamia, iliyokolea hiliki kama yako kabisa. Moja akampa Guled. Nyingine akaisukuma mbele yangu kwa mkono ule ule wako.

Guled alikunywa. Alimaliza mpaka masalio, akafuta mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona mabega yake yameshuka.

Mimi sikuweza. Miaka yote niliyokujua, abaayo, chai yako haikuwahi kunifikia kabla ya maneno. Hii imenijia peke yake. Ninakuandikia nikiwa hapa hapa kwenye benchi, Ifrah anaosha vikombe, kimebaki changu tu, na ananisubiri bila kuniharakisha. Kimepoa, kimefanya utando juu, na bado kimejaa.

Kwaheri, abaayo. Mungu akurehemu, na akusamehe kwa neno lile moja uliloniachia nusu.

Mimi mdogo wako uliyemlea,
Ismail