Mstari wa kijani ni wa Jumaa

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika, jua linachoma, na mdomo wangu wa juu bado umevimba. Ninaandika kwenye kompyuta ya Bosco kwa sababu yangu imekufa.

Wiki ijayo klabu yetu inapeleka kazi yake kwenye shindano la shule. Ni programu ya simu inayowaonyesha watu wa mtaa wa Buterere njia zipi zimejaa maji. Tunaiandika watatu: mimi, Bosco na Jumaa. Hadi asubuhi hii sikujua kama jina langu litabaki humo.

Nitaeleza kwanza, maana jana sikupewa nafasi ya kueleza. Kila mmoja wetu anafanya kazi kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, ili asiharibu ya mwenzake. Kazi ikikamilika, tawi linarudishwa kwenye shina, nakala kuu ya wote. Kuna ukurasa unaoonyesha yote hayo kama mchoro: kila tawi ni mstari wenye rangi yake, kila tulipohifadhi kazi ni nukta, na kando ya nukta kuna jina na saa. Mstari wangu ni mwekundu, wa Bosco ni wa buluu, wa Jumaa ni wa kijani. Inaachana, inapishana, inakutana. Mimi nauona mchoro huo mzuri. Huwa naufungua hata nikiwa sina kazi.

Jana niliuacha wazi mezani Mama aliponiita nikaanue nguo.

Kaka yangu Hamisi aliingia kutoka gereji. Aliona jina langu kati ya majina ya wavulana wawili, saa za jioni, na mistari inayokutana. Akadhani kila nukta ni siku niliyoonana nao.

"Wa kijani ni nani?" aliniuliza niliporudi na beseni la nguo.

"Ni Jumaa, lakini tuna..."

Alinipiga kofi kabla sijamaliza. Kisha ngumi. Nilianguka juu ya beseni la nguo, damu ikachuruzika kwenye shuka la Mama. Aliinua kompyuta kwa mikono miwili akaibamiza ukutani, akaikanyaga kwa kisigino mpaka vibonye vikatawanyika sakafuni. Mama alikuwa anasema, "Apana, Hamisi, acha mutoto," kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi.

Akachukua spana akatoka. Nilimfuata pekupeku.

Jumaa anakaa avenyu ya jirani, humu humu mtaani kwetu Buyenzi. Alikuwa mlangoni kwao anakula muhogo.

"We ndo wa kijani?" Hamisi akamuuliza.

Jumaa akacheka. Aliniona nyuma, akadhani nimemleta kaka yangu amtanie. "Ndiyo, mi ndo wa kijani. Na we rangi gani?"

Spana ilishuka kwenye mkono wake wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ikashuka begani, ikashuka tena Jumaa akiwa tayari chini, mpaka wanaume waliokuwa wanatoka msikitini wakamkaba Hamisi na kumvuta nyuma.

"Unaua mutoto wa watu kwa sababu gani?" mmoja akauliza.

"Mumuulize Saida."

Hakuna aliyeniuliza.

Nilitamani kumuua kaka yangu. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Spana ilikuwa chini, karibu na mguu wangu, na niliiangalia kwa muda mrefu.

Leo asubuhi Bosco alileta kompyuta yake. Kazi yote imo, kwa kuwa kila mmoja wetu ana nakala kamili ya historia. Nilimwomba Baba akae nami, nikamwonyesha mchoro polepole: hapa nilichora ramani, hapa Jumaa alirekebisha kosa langu, hapa tuliunganisha. Baba alifuata kwa kidole. Akafika pale mstari wa kijani unapoishia.

"Hii ilikuwa jana?"

"Ndiyo, Baba. Kabla Hamisi hajafika kwao."

Akaondoa kidole. Alikwenda hospitali kumwona Jumaa, na aliporudi alimwita Hamisi uani. Walikaa huko sana.

Baba anasema naweza kuendelea. Mama ndiye aliyekuja na wazo. "Saida, weka jina la Hamisi mahali pa lako. Ni kaka yako. Watu wasipoona msichana kati ya wavulana, watatulia."

Ni rahisi mno. Amri moja tu kwenye kompyuta, na mstari mwekundu wote unabadilika jina, tangu nukta ya kwanza. Niliiandika amri hiyo mpaka mwisho.

Nikaifuta. Nikaanzisha tawi jipya pale Jumaa alipoishia, nikamalizia kipande chake, nikahifadhi. Nukta ikatokea, na kando yake Saida.

Hamisi alipita nyuma yangu na sahani ya maharage, akasimama. Mkono ulitaka kufunga kompyuta, nikauzuia. Niliuacha mchoro wazi, nikamsikia akitafuna polepole huku anasoma majina.

Siku akiuliza tena wa kijani ni nani, nitalimaliza jibu alilolikatiza kwa kofi.