Gauni la Kahawia la Kupigia Kura

Hallonbergen, Septemba 1985

Baba yangu mpenzi,

Leo nimepiga kura. Nakuandikia hata viatu sijavua, maana tangu nihamie Stockholm sijapata habari inayokuhusu kama hii. Wageni tuliokaa hapa miaka mitatu tunaruhusiwa kuchagua madiwani, nami zamu yangu imefika.

Unakumbuka somo lako la mwaka 1832? Ulitoka Tanga na Kiswahili chako kuja kufundisha historia ya Waingereza kule Jinja, na mwaka huo ndio uliokupandisha mori kuliko yote. Ulipiga meza ukitueleza kwamba kilima cha magofu na kondoo kilikuwa na wabunge wawili, ilhali Manchester, mji mzima wa viwanda, haukuwa na hata mmoja. Watu wakaandamana, wakachoma majumba, mpaka sheria ikabadilishwa. Darasa likashangilia utadhani tumeshinda sisi.

"Msishangilie sana," ukasema. "Vibarua na wanawake walibaki nje. Na aliyeruhusiwa alisimama mbele za watu akamtaja mtu wake kwa sauti, mwenye nyumba wake akimtazama."

Ndipo nikauliza, nikasahau hata kukuita Mwalimu: "Na sisi je, Baba?"

Enzi ile wanajeshi ndio waliotutawala, na kura ilikuwa hadithi ya vitabuni. Ukafunga kitabu polepole, ukasema utanijibu nyumbani. Nyumbani ukaongeza sauti ya redio, ukaninong'oneza: "Mwanangu, mdomo huponza kichwa." Sikuuliza tena, nawe ukafariki bila kunijibu.

Hofu ile nilikuja nayo huku. Leo asubuhi nilimwaga magauni yote kitandani: jekundu lina chama chake, la bluu lina chake, la kijani nalo lina chake. Nikavaa la kahawia. Jirani yangu Mama Neema, mtu wa Bukavu, alipokuja kunipitia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ma soeur, dada yangu, unaenda ku matanga?"

"Sitaki mtu ajue ninamchagua nani."

"Lakini hapa hakuna mutu anaangalia robe yako!"

Nilimwona hajui asemalo. Mlangoni mwa shule tulikokwenda kupigia kura, wafuasi wa vyama walisimama kila mmoja akininyooshea karatasi za kura za chama chake, maana huku kila chama kina zake. Kwetu, kupokea ya mmoja mbele ya wenzake ni kujitangaza. Basi nikapokea za wote, nikimshukuru kila mmoja kwa adabu ileile, hata yule ambaye sura yake haikunipendeza kabisa.

Nyuma ya pazia nilitia yangu kwenye bahasha, kisha nikashtuka: zilizobaki zitanisema! Atakayeziokota ataona ipi imepungua. Nikazisokomeza zote mkobani. Mama wa Kiswidi aliyekaa mezani akalitafuta jina langu, akatumbukiza bahasha sandukuni nikiona, akaniambia "Tack", asante yao. Basi, ikawa imekwisha. Gauni langu hakulitazama hata kidogo.

Nje niliketi kwenye ngazi nikalia, Baba, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mama Neema alinipa leso yake, akaniacha nilie nimalize. Tukiwa njiani ndipo akauliza, "Sasa ulichagua nani?"

"Siri yangu," nikamjibu, naye akaangua kicheko, nami nikamfuata.

Nyumbani kwetu siri zilikuwa nyingi, na zote zilitutia hofu. Hii ya leo inanichekesha peke yangu humu jikoni. Lakini wewe sikufichi. Nimezima redio. Keti hapa nikutajie niliyemchagua, kwa sauti yangu ya kawaida.

Lala salama, Mwalimu wangu.

Mwanao aliyeuliza